Jibu: Petro alikesha bila samaki, mie nifanyeje?

Hujambo dada. Umesema biashara imekukwamia mwaka mzima, na kila ukitaja Luka 5, pale Petro alipokesha bila samaki, Yesu akamwambia ashushe nyavu tena, zikajaa, unaambiwa "shusha nyavu tena", nawe umeshazishusha mpaka umechoka.

Anza na mstari wa 2, kabla ya muujiza: walikuwa wanaosha nyavu. Mie nanunua dagaa dikoni, wavuvi wanapoegesha vyombo, hapa Unguja, nachemsha na kuanika. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hurudi mikono mitupu, na nyavu hushughulikiwa vilevile. Petro hakukosa imani. Alichoka, na alimwambia Yesu waziwazi. Nawe mwambie hivyo hivyo.

Kisha mstari wa 7, waliita wenzao wa chombo cha pili. Hapa ndipo nilipoguswa mie. Mvua iliponiozeshea dagaa wa mtaji wote, nilificha wiki tatu, nasali peke yangu. Nilipomweleza jirani yangu, Muislamu, alinikopesha ndoo tano za dagaa siku ileile. Wao waliita kwa wingi wa samaki, mie kwa ukosefu, lakini kuita ni kuita. Wewe umemwambia nani?

Wanaokuhubiria kuwa hadithi hii ni ahadi ya utajiri, sikubaliani nao hata kidogo. Waonyeshe mstari wa 11: samaki wote wale waliachwa pwani.