Kuamka saa tisa usiku hakukuongezei siku

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni karani wa hesabu, nafanya kazi Posta, katikati ya Dar es Salaam, na naishi Chanika, pembezoni mwa jiji. Nina watoto wawili na cherehani ya kushonea majirani, na najiandaa na mtihani wa uhasibu wa CPA wa Novemba. Nilijiunga na darasa la WhatsApp, la kulipia, tukaambiwa tuamke saa tisa usiku na kuandika vipaumbele kumi kila siku. Naenda mwezi wa tatu. Kulala ni saa tano, kuamka naamka, kuandika naandika, lakini kitabu hakisogei na kwenye daladala nasinzia mpaka napitilizwa kituo. Ratiba yangu ina kasoro gani? – Mama wawili, Chanika

JIBU: Marahaba, mama. Ratiba haina kasoro. Aliyekupa ndiye mwenye kasoro, na barua kama yako sasa napokea karibu kila wiki.

Wewe ni mtu wa hesabu, basi tuhesabu. Wiki ina masaa 168. Kazi, kwa Sheria ya Ajira ya 2004, ni 45 bila ya ziada. Safari ya Chanika na foleni zake nakuwekea manne kwa siku, siku sita, 24. Usingizi wa masaa saba, ambao ndio kiwango cha chini kwa mtu mzima, ni 49. Yanabaki 50. Kupika, kufua, kuoga, daftari za watoto na ibada vitachukua 30 bila kukuomba ruhusa. Mtaji wako ni masaa 20, pengine pungufu. Hao wa darasa lako hawakukuongezea hata moja. Walichofanya ni kuchota kwenye yale 49 na kukuandikia kama mapato. Mhasibu akifanya hivyo kazini anaitwa kujieleza.

Tena wamechota pabaya. Unayoyasoma hukaa kichwani ukiwa umelala. Ukilala masaa manne ukaamka kusoma, unamwaga maji kwenye pakacha.

Halafu vipaumbele kumi! Neno lenyewe linasema mbele. Cha mbele ni kimoja, hivyo tisa vilivyobaki ni foleni. Orodha ya kumi inampa mtu raha ya kuandika na kumwepusha na maumivu ya kukataa, na kukataa ndiyo kazi yenyewe. Kama Novemba ni mtihani, cherehani ifunikwe hadi utakapotoka chumba cha mtihani. Nguo za Krismasi zitakukuta. Vikao vya harusi, tuma mchango, usiende. Watasema unajidai. Waache waseme, hawatakufanyia karatasi ya kodi.

Masaa yako 20 usiyapange yote. Mwaka 1994 watafiti wa Kanada waliwauliza wanafunzi watamaliza tasnifu baada ya siku ngapi. Kwa wastani walisema 34, wakamaliza kwa 55. Hawakuwa wavivu, ndivyo binadamu anavyokadiria. Kwa hiyo mada unayodhani utaimaliza kwa masaa manne, iandikie sita. Soma Jumapili mchana watoto wakiwa kwa bibi yao, na jioni tatu za katikati ya wiki, kwa muda wa saa moja na nusu kila jioni. Kwenye daladala, ukipata siti, lala. Sitaki kusikia kwamba umesoma ukiwa umening'inia mlangoni.

Nimemaliza kwako, lakini sijamaliza na hao wahamasishaji. Mtu anapanda jukwaani na kujitamba kwamba halali, umati unapiga makofi. Hakuna anayemuuliza nani anampikia, nani anawaogesha watoto wake, wala kama mchana halali kwenye kiti cha nyuma dereva wake akiendesha. Ratiba ya mwenye dereva haivaliki na mtu wa kugombania gari Gongo la Mboto. Na darasa likishindwa, kosa linakuwa lako, hukuwa na nidhamu, lipia awamu ya pili.

Kwa karani hasara ya kukosa usingizi ni sifuri moja iliyoongezeka kwenye malipo. Nimeshamwona aliyefukuzwa kwa hiyo. Kwa wengine ni mbaya zaidi. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho masaa 17 hupungukiwa na wepesi wa mwili na akili sawa na mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu. Aliyeamka saa tisa usiku anafikisha masaa hayo saa mbili usiku, wakati bodaboda na bajaji zimejaa abiria wanaorudi nyumbani. Madereva wameanza kuuziwa madarasa haya, na mmoja ameniandikia kwa fahari kwamba ana wiki ya sita. Kaka, leo paki mapema, ukalale.