Kuuguza, mkesha na usingizi: jibu kwa mleta mada

Pole sana dada. Umeuliza kama kukosa mkesha wa Ijumaa kwa uchovu wa kumuuguza mama ni dalili ya imani kupoa. Nilimuuguza baba aliyepigwa na kiharusi mpaka Bwana alipomtwaa, na jibu langu ni hapana. Kalale.

Manesi walituelekeza tumgeuze kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda vya mgongoni. Hapo bado kumbadilisha, bado uji wa kumnywesha taratibu asipaliwe, bado dawa za presha. Ijumaa ikifika, nasoma Zaburi macho yanapita tu juu ya maandishi. Mpendwa mmoja wa kanisani akaniambia shetani ndiye ananiletea usingizi ili nisiombe. Sikumjibu, ila maneno yale yaliniuma kuliko uchovu wenyewe.

Kilichonivusha ni 1 Wafalme 19. Mimbarini tunahubiriwa sana sura ya 18, nabii Eliya na moto ulioshuka mlimani Karmeli mbele ya manabii 450 wa mungu Baali. Inayofuata tunaipita mbiombio. Eliya yuleyule anamkimbia malkia Yezebeli, aliyeapa kumuua, hadi Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu, mti wa jangwani, na kuomba afe. Sasa angalia anavyotendewa. Hakemewi, wala hapewi unabii. Amelala, malaika anamgusa: inuka, ule. Kuna mkate na gudulia la maji. Anakula, anakunywa, analala tena! Malaika anarudi, anamlisha mara ya pili, kwa kuwa safari ni kubwa mno kwake. Lile swali la “Unafanya nini hapa, Eliya?” linamsubiri Horebu, mlima wa Mungu, baada ya mwendo wa siku 40.

Huko ndiko analalamika kwamba amesalia peke yake. Anaambiwa wapo 7,000 ambao hawajampigia Baali magoti, na anaelekezwa kwa Elisha, ambaye anakuja kumtumikia. Mtu aliyechoka haoni watu. Kwetu majirani walidhani tunajitosheleza, na waliona aibu kujiingiza kwenye mambo ya mgonjwa wa watu.

Sipingi mikesha, nimekulia humo. Lakini wanaokubana kwa maandiko wasome na Kumbukumbu la Torati 5, Sabato inapoamriwa: mtumwa na mjakazi wametajwa waziwazi, nao wapumzike kama mwenye nyumba. Anayehudumia wengine hakusahauliwa. Kwa hiyo hata kama una binti wa kazi anayekusaidia na mama, naye apate siku yake.

Zungumza na kiongozi wa jumuiya yenu. Usiishie kwenye “niombeeni”, maana wataomba kweli na kuondoka. Sema unataka mtu akae na mama Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba, wewe ulale chumba kingine na simu umeizima. Kwetu akina mama walipanga zamu, na aliyemgeuza baba vizuri kuliko wote ni mama mmoja ambaye sijawahi kumsikia akiomba kwa sauti kanisani. Mara ya kwanza mwelekeze wewe mwenyewe huyo anayekuja namna ya kumshika mama yako na kumgeuza, kisha mtajie mama yako mapema nani anakuja. Wagonjwa hawapendi kuamka na kukuta sura ngeni pembeni ya kitanda.