Namna ya Kumkumbuka Mtumishi wa Redio

Kiongozi wa huduma ya utangazaji wa Injili anapofariki, kipindi cha kumbukumbu huandaliwa kwa haraka, na mara nyingi hujaa vyeo, tarehe na sifa ambazo zingeweza kusomwa juu ya mchungaji yeyote. Nimeshiriki kuandaa vipindi vya namna hiyo katika studio ya kanisa, na ushauri wangu kwa wenzangu ni huu: mkumbukeni kwa kazi aliyoifanya mbele ya kipaza sauti, na kwa mpango aliouacha ili kazi hiyo iendelee.

Mfano ninaouheshimu kuliko yote ni wa mchungaji J. Vernon McGee wa Marekani, aliyezaliwa Texas mwaka 1904. Aliliongoza kanisa la Church of the Open Door mjini Los Angeles tangu 1949 hadi 1970, lakini wengi wanamkumbuka kwa kipindi chake cha kila siku, Thru the Bible, alichokianza mwaka 1967, akiifafanua Biblia kitabu kwa kitabu. Mzunguko huo wa kuimaliza Biblia nzima ulichukua kwanza miaka miwili na nusu, kisha akaurefusha hadi mitano, akipishanisha vitabu vya Agano la Kale na vya Agano Jipya ili msikilizaji asikae muda mrefu mno upande mmoja. Alizungumza kwa lafudhi ya kwao Texas, bila kuilainisha. Alipofariki tarehe 1 Desemba 1988, mafundisho yake yote yalikuwa yamekwisha kurekodiwa, na kipindi kikaendelea kurushwa. Leo kinasikika katika lugha zaidi ya 100, Kiswahili kikiwemo, kwa sauti za wasomaji wa lugha hizo wanaotumia mafundisho yake.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika neno lolote la sifa, nendeni kwenye kanda za sauti yake. Chagueni sehemu ambayo marehemu anafundisha kwa utulivu, hata kama si hotuba yake mashuhuri, mkaiache isikike dakika kadhaa bila muziki chini yake, kwa maana wasikilizaji walimjua kwa sauti tu, na wengi hawakuwahi kumwona uso. Kisha mtafuteni fundi mitambo aliyekaa naye studio kwa miaka mingi. Familia itawaeleza alivyokuwa nyumbani, jambo ambalo lina nafasi yake, lakini fundi ndiye anayejua kama alirudia kurekodi sentensi iliyomkwaza, kama aliomba kabla ya taa nyekundu ya kurekodi kuwaka, na kama alisoma barua za wasikilizaji mwenyewe.

Barua hizo, na siku hizi ujumbe wa simu, zisomwe pia katika kipindi, bila kutaja jina la mtu ambaye hakutoa ruhusa.

Mkiamua kuendelea kurusha vipindi vyake vya zamani, pateni kwanza kibali cha familia na cha bodi ya huduma, kwa maandishi. Kila kipindi kianze kwa kumwambia msikilizaji kwamba anayesikika amekwisha kulala katika Bwana, pamoja na mwaka wa kurekodiwa, na yaondolewe matangazo ya mikutano iliyopita na anwani za posta zisizotumika tena, ili asiyejua habari asije akamwandikia barua akisubiri jibu lake.