Shangazi, wananiita shangingi: ni mimi au ni gari?

Barua ya wiki hii imetoka Tabata, Dar es Salaam. Aliyeandika ni mama wa miaka 41, anauza vitenge na mashuka kwa jumla Kariakoo, mwaka wa 15 huu. Ana watoto wawili, na baba yao waliachana zamani. Kwa miaka tisa alikuwa anaendesha Vitz. Mwaka huu amenunua Land Cruiser V8, mtumba kutoka Japani, kwa pesa yake mwenyewe. Barua ni ndefu, nainukuu kidogo.

“Shangazi, shikamoo. Tangu gari hili liingie mtaani sina amani. Watoto wa jirani wakiniona wanapiga kelele ‘shangingi!’, mama zao wanacheka. Sijui wanaita gari au wananiita mimi. Wapo wanaosema nimehongwa na mheshimiwa, wapo wanaosema nauza unga. Kwenye kikoba nikifika maongezi yanakatika, na kadi ya mchango wa harusi ikija, yangu ina kiwango chake peke yake. Juzi mama muuza mandazi wa njia panda amenitukana mbele za watu eti nimemrushia maji ya dimbwi, wala sikumwona. Hayo yote nimeyavumilia. Ila mdogo wangu alifariki kwa ajali ya bodaboda miezi michache kabla sijanunua gari, na sasa wanasema nilimtoa kafara. Mama yangu yuko Mbagala. Hataki kupanda gari langu. Anasema kiuno kinamuuma, lakini bajaji anapanda kila siku kwenda sokoni. Nataka kuliuza nirudi kwenye Vitz. Nisaidie.”

Marahaba, mwanangu. Na pole. Pole ya msiba, kabla ya mambo ya gari. Barua yako ina kurasa nne, na kifo cha mdogo wako umekiweka ukurasa wa mwisho, kwa haraka, kama mtu anayeogopa kukitaja. Naona kidonda kiko huko. Nitafika, lakini ngoja nianzie ulipoanzia.

Neno shangingi lina maana mbili, na sote tunazijua. Ni gari kubwa la kifahari, hasa hizo Land Cruiser, na ni mwanamke mjanja wa mjini anayeshukiwa mambo ya wanaume. Mtoto wa miaka saba anaita gari. Mama yake anayecheka barazani anaita vyote viwili, na anajua kwamba umemwelewa. Hilo linaniudhi, sitaficha. Mwanaume akishuka kwenye gari lile lile ataitwa bosi, na vijana watakimbilia kumfutia vioo. Ukishuka wewe, swali la kwanza ni nani kamnunulia. Miaka 15 ya kuamka saa kumi usiku kwenda kupokea marobota inafutwa kwa swali moja, kwa sababu tu aliyeshika usukani amevaa kitenge. Ni dhuluma, na nataka uiite hivyo ili usianze kudhani kuna kosa umefanya.

Lakini swali lenyewe, pesa imetoka wapi, halikuanzia mtaani kwenu. Ni la zamani kuliko wewe. Uhuru haujapoa, watu wa Afrika Mashariki walishawapa jina wakubwa waliohamia ndani ya Mercedes-Benz: Wabenzi, kana kwamba ni kabila jipya limeingia nchini. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likamkataza kiongozi kuwa na hisa kwenye kampuni, kupokea mishahara miwili na kumiliki nyumba ya kupangisha. Mimi nimekulia miaka hiyo. Gari likipita tulisimama kumtazama aliyemo, na tulikuwa na haki, kwa sababu mara nyingi pesa ilikuwa yetu sote. Hata majirani zetu wa Kenya, mwaka 2009, serikali yao iliwataka mawaziri waachane na magari makubwa wapande Volkswagen Passat, maana mafuta na matengenezo yalikuwa yanamwangukia mlipa kodi.

Jicho hilo tumelirithi, na ni jicho zuri likielekezwa panapostahili. Ubaya wake ni kwamba limeacha kuchagua. Aliyekula pesa ya dawa za zahanati na muuza vitenge wanatazamwa kwa jicho moja. Tena wakati mwingine wewe ndiye unayetazamwa kwa ukali zaidi, kwa kuwa mkubwa anaogopwa, na wewe huna cha kuwafanya.

Nawe deni lako kwa umma umelilipa. Gari la injini inayozidi cc 2,000 linatozwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 10, halafu VAT asilimia 18 juu ya jumla. Kodi zikipandiana hivyo, gari la shilingi milioni 100 likishuka bandarini linaongezewa zaidi ya milioni 62 kwa hizo tatu tu, na likiwa na umri mkubwa kuna nyongeza nyingine. Risiti unazo. Sikwambii ukawaonyeshe watu. Ziwe zako, za usiku ule usingizi unapogoma.

Kuna kitu kingine umekiandika nikakipigia mstari. Unasema barabarani sasa unapishwa, na mlinzi wa hoteli aliyekuwa anakusimamisha na kukuuliza maswali ukiwa na Vitz, siku hizi anafungua geti huku anapiga saluti. Mwaka 1968 watafiti wawili, Anthony Doob na Alan Gross, walichapisha jaribio dogo walilolifanya huko California. Walisimamisha gari kwenye taa, taa ikawaka kijani, dereva wao akatulia tuli. Walitaka kujua aliye nyuma atavumilia kwa muda gani kabla ya kupiga honi. Mbele kukiwa na gari la kifahari, watu walivumilia zaidi. Kukiwa na gari kuukuu la bei rahisi, honi ilikuja mapema. Aliyekuwa ndani hawakumjua, wala hawakujali kumjua.

Saluti ya mlinzi na kicheko cha barazani vinatoka chungu kimoja, mwanangu. Vyote ni vya bati la gari, si vyako. Na wewe, naomba unisamehe, saluti umeipokea kama yako, ukaandika kwa raha kabisa. Ukishaipokea saluti, matusi nayo yanajua njia ya kukufikia.

Hapo hapo nikukaripie kidogo. Mama wa mandazi hakukuhukumu kwa sababu ya gari. Alilowa. Unaandika “wala sikumwona”, na hilo ndilo analolalamikia. Mwaka 2012 Paul Piff wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na wenzake walitoa utafiti ambao ndani yake waliyatazama magari kwenye njia panda na kwenye vivuko vya watembea kwa miguu. Wenye magari ya hadhi ya juu ndio waliokuwa wepesi zaidi kuwakatisha madereva wenzao na kutompisha anayetaka kuvuka. Utafiti mmoja wa Marekani haumhukumu dereva wa Tabata, lakini unajua mwenyewe: dimbwi ambalo Vitz lilikuwa linalivuka taratibu huku unamtaja Mungu, V8 linalipita hata hujasikia. Unga wake uliingia tope, mkaa ukazimika, siku yake ikaishia pale. Wewe ni mfanyabiashara, unajua siku moja iliyoharibika inavyouma. Nenda kwa miguu, alfajiri, kabla hajabandika karai. Mwombe radhi, mlipe unga wake na mafuta yake. Maelezo ya kwamba hukumwona yaache nyumbani.

Halafu kuna kioo. Umetaja kwa kupitia tu kwamba Vitz kiyoyozi chake kilikufa zamani, ukawa unapita mtaani vioo vyote viko chini. Maana yake kwa miaka tisa ulikuwa unasalimia watu kila asubuhi bila hata kukusudia: shikamoo mzee, za kuamka mama nanii, mtoto amepona? Sasa una kiyoyozi na vioo vyeusi. Wanaliona gari linapita, wewe hawakuoni. Kwetu mtu asiyesalimia ana jambo, na jambo lisilojulikana watu hulijazia wenyewe. Kwa nusu ya maneno yanayosemwa, wewe na kioo chako mmeacha nafasi.

Miaka michache nyuma nilikuwa msibani Morogoro. Wanawake tulikuwa uani tunachambua mchele na kumenya vitunguu. Likaingia gari jeusi, vioo vyeusi, namba E wakati ndiyo kwanza zinatoka. Minong’ono ilianza injini haijazimwa, na mimi nilikuwemo. Nilisema huyu kaja kuonekana. Akashuka mama wa makamo. Alimpa pole mfiwa, kisha akaja moja kwa moja uani, akavua viatu, akajifunga khanga vizuri, akakaa kwenye mkeka na kulivuta beseni la vitunguu. Alimenya mpaka machozi yakamtiririka, akawa anajifuta kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa imechafuka. Adhuhuri ikatukuta tunamuuliza habari za wajukuu zake. Alipoaga ndipo tukakumbuka kwamba kumbe ndiye mwenye lile gari. Nilimwonea haya moyoni, na bado namwonea.

Kwa hiyo shusha kioo ukiingia mtaani kwenu. Joto la dakika tano halitakuua.

Kikoba na michango ya harusi visikusumbue. Changia kiwango ulichokuwa unachangia mwaka jana, na ukiulizwa sema hicho ndicho ulichojaliwa. Watanuna wiki mbili.

Kuhusu kuliuza: kama limekula mtaji, kama marobota yamepungua dukani kwa ajili ya mafuta na spea, liuze kesho wala usinisubiri. Hesabu hiyo unaijua wewe. Lakini ukiliuza kwa sababu ya maneno, elewa kwamba hawatasema “kumbe lilikuwa lake”. Watasema aliyemnunulia amemnyang’anya.

Sasa mama.

Neno la kafara ni baya kuliko yote, na anayelitamka juu ya mtu aliyefiwa anafanya unyama. Kijana akifa na ndugu yake akafanikiwa, lazima atokee wa kuyafunga mambo hayo mawili kwa kamba moja. Watasema ndagu, watasema freemason. Ni rahisi kusema hivyo kuliko kukubali kwamba kijana wa miaka 29 ametoka asubuhi kutafuta riziki na hakurudi, na hakuna sababu yoyote. Mama yako amelisikia neno hilo sokoni, amelisikia kwa majirani, pengine amelisikia hata siku ya arobaini kutoka kwa mtu aliyekuja kula ubwabwa wake. Sidhani kama analiamini. Nadhani kila akiliona gari lako analisikia upya. Halafu ni lako, wewe ndiye uliyebaki, na angependa kulifurahia na hawezi. Kiuno ni jina tu amelipa. Kwa aliyemzika mwanawe, miezi hiyo yote ni kama jana.

Nawe umefanya nini? Umempelekea gari mpaka mlangoni, mara tatu kwa hesabu ya barua yako, ukamfungulia mlango, ukaumia alipokataa. Ulikuwa unataka akupe kibali mbele za watu. Nakuelewa, hakuna kibali kingine duniani kinachofanana na cha mama. Ila ulimwomba mahali pabaya, majirani wanachungulia, na bati lile liko katikati yenu. Usimbembeleze tena apande. Wala usiwatume shangazi zako wakamseme.

Umeniandikia kwamba daftari lako la kwanza la mauzo bado unalo, jalada limetoka, na kwamba hesabu za mwaka ule wa kwanza aliandika mdogo wako, kwa sababu alikuwa anakuja dukani wakati wa likizo na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wako. Sijui kama wewe mwenyewe umekiona ulichokiandika hapo. Pesa ya gari lako ilianza kuhesabiwa na mkono wake. Mama hajui hilo, au alijua akasahau. Na wewe tangu azikwe hujalifungua.

Ijumaa ukifunga duka, gari liache Kariakoo. Panda daladala la Mbagala kama zamani, na daftari liwe kwenye mkoba. Kula chakula chake, lala kwake. Watu wakishalala, litoe umpe alishike, umsomee: vitenge pea sita, mashuka manne, deni la mama fulani shilingi elfu tatu. Msomee taratibu. Akilia, lieni wote, maana naona wewe pia hujalia. Habari za gari usizianzishe. Akiuliza, mjibu lote, mpaka shilingi ya mwisho.