Gego limetoboka: hakuna mdudu wa kufukizwa

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka 6 anapiga mswaki asubuhi na usiku, lakini gego lake limetoboka. Wiki iliyopita alilia usiku kucha, sasa maumivu yamekwisha. Jirani anamjua mtu anayemtoa mdudu wa jino kwa moshi. Nimpeleke, au nisubiri ling'oke lenyewe, maana ni jino la utoto?

JIBU: Moshi hapana, na kusubiri pia hapana.

Mdudu huyo hayupo. Daktari wa meno Mfaransa, Pierre Fauchard, alishamkana mwaka 1728, na bado nasimuliwa habari zake kila wiki! Vile vijidude vyeupe unavyoonyeshwa kwenye bakuli mara nyingi ni viini vya mbegu zilizopasuka kwa moto. Zichome mbegu hizohizo pasipo na mgonjwa, “wadudu” watatoka vilevile.

Kinachotoboa jino ni asidi. Kwangua jino kwa ukucha, utaona ukoga mweupe unaonata: hao ni bakteria. Wakipata sukari huigeuza asidi, na pH (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi) ikifika chini ya 5.5 hivi, madini ya jino huanza kuyeyuka. Mate huchukua nusu saa au zaidi kuizimua. Kwa hiyo mtoto anayemumunya peremende mojamoja kutwa nzima huumia kuliko anayezimaliza zote baada ya chakula. Juisi ya kunywa kidogokidogo ni hivyohivyo, na mswaki wa mara mbili hauwezi kufuta yote hayo.

Mswaki wenyewe mpigishe wewe, dawa yenye floraidi kiasi cha punje ya njegere. Ateme povu, asisukutue.

Maumivu kwisha ndiko kunakonitia wasiwasi. Mara nyingi maana yake neva imekufa, na usaha unajikusanya kimyakimya chini ya jino, palepale jino la ukubwani linapojengeka. Gego la utoto linahitajika hadi miaka 10 au 12. Mpeleke kwa daktari wa meno wiki hii. Shavu likivimba au homa ikipanda, siku hiyohiyo.

Na nyinyi wengine mnaoweka karafuu mkangoja: karafuu hutuliza, haizibi tundu. Wanaonijia wakitoka kufukizwa huja na midomo iliyobabuka na tundu lilelile, ila sasa limefika kwenye neva. Jino ambalo ningeliziba kwa dakika chache, inabidi niling'oe.