Maji ya kisima chenu si maji mazito

Ndugu, umeuliza iwapo maji ya kisima chenu, yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, ndiyo yale "maji mazito" ya vinu vya nyuklia, na kama yatawadhuru watoto. Siyo. Hayo ni maji magumu, yenye madini ya kalsiamu na magnesiamu. Ukoko wake mimi huutoa kwa siki ya moto, maana kisu huharibu birika.

Maji mazito ni yale ambayo haidrojeni yake ni deuteri, yaani haidrojeni yenye nyutroni (chembe ya ndani ya kiini cha atomu) moja ya ziada, ndiyo maana lita yake hufikia takriban kilo 1.1, huganda kwenye nyuzi 3.8 za Selsiasi, na barafu yake huzama katika glasi ya maji ya kawaida. Vinu vya CANDU vya Kanada huyatumia kupunguza kasi ya nyutroni, hivyo vikaweza kutumia urani, fueli ya nyuklia, ya asili isiyorutubishwa.

Hofu yako ielekeze kwenye floraidi, madini mengine ya majini, hasa kama mnaishi upande wa Arusha, ambako huacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto. Kuchemsha hakuiondoi, peleka sampuli kwenye maabara ya maji ipimwe.