Kabla ya kununua simu nyingine, chungulia tundu la kuchajia

Mwaka juzi, katikati ya kiangazi, simu yangu ilikataa kushika chaji. Nilikuwa nimeitumia miaka mitatu, na kwa kuwa mshahara ulikuwa umeingia wiki ileile, nilijiambia kwamba imezeeka, nikaanza kuulizia bei ya nyingine. Aliyenizuia ni fundi mmoja kijana katika soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, ambaye nilimpelekea ile ya zamani nikitaka tu anihamishie picha. Aliigeuza, akachungulia tundu la kuchajia, akachukua sindano na kuchokoa taratibu. Kilichotoka ni kidonge cha vumbi jekundu na nyuzi za mfuko wa nguo, kimeshindiliwa kama ugoro. Alipitisha mswaki uliolowekwa spiriti, akachomeka waya, na simu ikaanza kuchaji. "Mama, hii haijakufa, imekula udongo," aliniambia. Ninaandika makala haya kwa simu hiyohiyo.

Nikiwa ndani ya taksi kurudi nyumbani niliikumbuka droo ya jikoni kwa yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anayeishi Brussels. Nilipomtembelea, nilikuwa natafuta kijiko nikafungua droo isiyo ya vijiko, nikakuta simu sita zimelazwa pamoja na nyaya zilizosokotana, na betri ya mojawapo imevimba hadi kifuniko kimeachia. Nilimwuliza kila moja ilikuwa na kasoro gani, naye hakuweza kunijibu hata kwa moja. Yaya ni muuguzi, tena ni mtu anayehesabu senti zake. Mkataba wake wa simu ulikuwa ukiisha, anapewa simu mpya kwa malipo madogo ya kila mwezi, na ya zamani inaingia droo. Tunaposema nchi tajiri zinatumia kupita kiasi, wengi wetu tunawaza majumba na magari. Mimi siku hizi nawaza ile droo.

Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na chini ya robo yake ndiyo inayojulikana kuwa ilikusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Mkaaji wa Ulaya alizalisha kwa wastani kilo 17.6, wa Afrika kilo 2.5. Kwetu sisi wa Katanga jambo hili lina upande wa pili, kwa sababu betri nyingi za simu zina gramu chache za kobalti, na zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka nchini mwetu Kongo, hasa pande za Kolwezi, mwendo wa kilomita 300 hivi kutoka hapa. Anayesafiri kwenda Kasumbalesa hukutana na malori ya madini yakielekea mpakani. Isitoshe, sehemu kubwa ya madhara ambayo simu huyaletea mazingira hutokea kabla mnunuzi hajaiwasha, yaani katika kuchimba, kuyeyusha na kuunda. Kwa hiyo kila mwaka unaoongeza juu ya maisha yake unapunguza haja ya kuchimba kwa ajili ya nyingine.

Sina la kumhubiria mtu ambaye nyumbani kwake umeme hufika usiku wa manane, akaambiwa apunguze matumizi; huyo hana cha kupunguza. Nasema na sisi wenye mishahara, tulioanza kuigiza droo ya yaya huku mashimo yakiwa jirani yetu.

Kilichonisaidia zaidi ni kujua tabia ya betri. Haipendi joto, basi usiiache simu juani mbele ya kioo cha gari, wala usiiache ikichaji chini ya mto. Haipendi pia kukaushwa hadi sifuri kila siku. Umeme wetu unaporudi baada ya kukatika, mara nyingi hurudi kwa kishindo. Mimi huchomoa chaja mara taa zinapozimika na kuirudisha dakika chache baada ya kuwaka. Chaja ya bei ya chee ya kando ya barabara iliniharibia simu moja kabla ya hii, na tangu hapo sijanunua nyingine ya namna hiyo.

Betri ikichoka, badilisha betri. Tangu tarehe 20 Juni 2025, simu mpya zinazoingizwa katika soko la Umoja wa Ulaya zinatakiwa kuwa na betri inayobakiza angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa mara 800, na kwa kawaida vipuri vyake vipatikane miaka saba baada ya mauzo kukoma. Sheria hiyo haitufikii hapa, lakini mwenye ndugu Ulaya anayemletea simu anaweza kumwomba asome lebo kabla ya kulipa.

Kwa fundi, kaa pale hadi amalize. Mwombe akuonyeshe betri ya zamani ikiwa imetoka, na usiondoke nayo ikiwa imevimba. Muulize kwanza betri mbovu anazipeleka wapi. Kisha aichomeke simu mbele yako kwa dakika kumi, uishike mgongo uone kama inapata moto, ndipo utoe pesa.